Sura ya Tano: Hodi Baada ya Kuingia

Juni 26, 2019, jopo linalosikiliza rufaa za mazingira nchini Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, upande wa bara wa Lamu. Mtambo huo ulikusudiwa kuzalisha megawati 1,050, na leseni yake ilikuwa imetolewa tangu 2016. Walioipinga ni wakazi wa Lamu pamoja na jumuiya yao, Save Lamu. Wengi waliipokea habari ile kama ushindi wa hewa safi, na kweli ulikuwa ushindi wa hewa safi. Lakini ukiipekua hukumu yenyewe unakuta kwamba kalenda iliiangusha leseni ile sawasawa na moshi. Jopo lilitaka kujua nani aliulizwa, aliulizwa siku gani, na siku hiyo alikuwa na karatasi gani mkononi.

Kanuni za Kenya za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira ziko wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Anayetaka kujenga mradi mkubwa sharti abandike matangazo mahali watu wanapopita, atangaze gazetini wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji, kisha afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Kampuni iliyotaka kuujenga mtambo ilieleza kwamba mikutano ilifanyika. Jopo lilipoitazama mikutano hiyo likaona ilikuwa ya utangulizi tu, iliyofanyika kabla ripoti ya tathmini haijakamilika. Watu wa Lamu waliambiwa mradi unakuja. Ripoti ilipokuwa tayari, na ndani yake mambo ya moshi, ya maji ya moto yatakayorudishwa baharini na ya majivu yatakayorundikwa nchi kavu, hawakuketishwa tena ipasavyo wakaijadili.

Sisi watu wa pwani tunalijua kosa hili bila kusomea sheria. Mgeni hupiga hodi akiwa nje, akasubiri kukaribishwa. Akipiga mara tatu asiitikiwe, huenda zake. Anayepiga hodi akiwa keshafika ukumbini, anatafuta pa kuketi, hajapiga hodi, hata akiipiga kwa adabu namna gani. Mikutano mingi ya kukusanya maoni juu ya miji na majumba yetu ya kale imekuwa hodi ya namna hiyo: michoro imekwisha, mkandarasi ameteuliwa, fedha zina tarehe ya kurudishwa zisipotumika, na mwananchi anaulizwa anaonaje.

Kuna atakayesema makaa ya mawe hayana nafasi katika kitabu cha majumba. Yana nafasi kubwa. Nyumba za Amu, yaani mji wa kale wa Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Moshi wa makaa una salfa, salfa ikikutana na unyevu wa pwani hufanya tindikali, na tindikali hula chokaa. Hata tukiuacha moshi kando, mji wa kale wa Lamu haukuandikishwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa ajili ya kuta peke yake. Uliandikishwa kwa kuwa ni mji wa Waswahili ambao watu wameishi humo zaidi ya miaka 700 bila kukatika, na wangali wanaishi. Msikiti wa Pwani unakumbukwa kuwa wa mwaka 1370, na watu wanausalia hadi leo. Maulidi ya msikiti wa Riyadha huwaleta watu kutoka pwani nzima, nao hulala katika nyumba zilezile tunazozihesabu kuwa makumbusho. Mvuvi akikosa bahari, familia yake haina cha kuitengenezea nyumba. Nyumba huuzwa, au huanguka.

Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliuona uhusiano huo mwaka mmoja kabla ya hukumu ya jopo. Shauri lilihusu bandari mpya ya Lamu na mradi mzima wa ukanda wa uchukuzi wa LAPSSET, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa Machi 2012 mbele ya marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia. Mohamed Ali Baadi na wenzake walishtaki kwa niaba ya wavuvi na wakazi. Mwaka 2018 mahakama ilitamka kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa na Katiba ya 2010, na kwamba haki yao ya utamaduni imevunjwa. Iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kwangu mimi, sehemu nzito zaidi ni ile iliyozungumzwa kidogo: mahakama ilitaka pawe na mpango wa kuilinda Lamu kama Urithi wa Dunia, na mpango huo uingizwe katika usanifu wa mradi wenyewe. Maana yake mji wa kale ulitakiwa uwe mezani kabla ya winchi kufika. Gati ya kwanza ilizinduliwa Mei 2021.

Tuuangalie sasa mkutano wenyewe, maana huko ndiko mambo yanakoharibikia. Hema limefungwa uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa, na mstari wa mbele una vitambaa kwa ajili ya wageni. Barua ya mwaliko inasema saa nne asubuhi. Mgeni rasmi anafika karibu na saa sita. Orodha ya mahudhurio imekwisha kuzungushwa, kila mtu ameandika jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Mtaalamu anaonyesha michoro ambayo maandishi yake ni ya Kiingereza na vipimo vyake vimeandikwa kwa herufi ndogo. Maswali yanaachiwa dakika zilizobaki kabla ya adhuhuri. Wa kwanza kusimama anashukuru kwa niaba ya mtaa. Wa pili anauliza ajira za vijana. Wa tatu ni mzee anayeanza kueleza kwamba ukuta uliochorwa pale utaziba njia ya maji ya mvua, maji ambayo tangu zamani hushuka kwa uchochoro ule hadi baharini, na mwongozaji anamwomba afupishe. Kisha ile orodha ya mahudhurio inaambatishwa nyuma ya ripoti, na kuanzia hapo sahihi ya kuhudhuria inahesabiwa kuwa sahihi ya kukubali.

Saa nne asubuhi wavuvi wako baharini. Wanawake wengi hawatakwenda kuketi uwanjani katikati ya wanaume na wageni, na wakienda hawatasema. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu hakuna anayeijua nyumba ya mawe kama mwanamke anayeshinda ndani yake. Yeye ndiye ajuaye dari ipi huvuja masika, ukuta upi unatoa chumvi, daraja ipi ya ngazi imelegea, na boriti ipi ilianza kutoa ungaunga mwaka juzi. Mhandisi anakuja na vyombo vyake kutafuta mambo ambayo bibi wa nyumba angemwonyesha kwa kidole. Mkutano wa wanawake hauhitaji hema. Unahitaji ukumbi wa nyumba moja au darasa la madrasa baada ya alasiri, mtafiti mwanamke, na muda wa kutosha.

Halafu yupo mtu ambaye hataki. Katika kila mji mkongwe yupo mwenye nyumba anayesema waziwazi kwamba hifadhi inamfilisi, na naamini tumemsikiliza kidogo mno. Tumemfanya adui wa historia. Tufuate hesabu yake.

Chumba cha nyumba ya kale ya pwani ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali. Upana wa chumba huwa mita mbili na nusu au tatu hivi, urefu ni utakavyo. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, hushindiliwa. Dari hiyo ni nzito sana, na boriti ikioza kwenye ncha iliyoingia ukutani, mzigo wote unaning'inia. Kuitengeneza kunataka boriti mpya, fundi anayejua kuitegemeza dari isishuke, na chokaa iliyochomwa vizuri na kulowekwa muda wa kutosha, maana chokaa ya haraka hupasuka. Mafundi hao wamepungua na chokaa nzuri haipatikani kila duka. Saruji ipo kila kona. Mwenye nyumba anaambiwa asitumie saruji, naye ana haki ya kuelezwa kwa nini: ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa, unapumua mwaka mzima, na saruji inaufunga. Unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi, chumvi inasukuma, na baada ya masika chache lipu ya saruji inabanduka na kipande cha ukuta wa zamani. Nimewasikia mafundi wakilieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu. Lakini sababu njema haimlipi fundi.

Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu nao waliguswa. Kuilinda misitu ni jambo jema. Kuulinda mji wa kale ni jambo jema. Mwenye nyumba akabaki katikati: huku anatakiwa dari yake iwe ya boriti, huko boriti imezuiwa kukatwa. Mambo ya aina hii ndiyo yanayofaa kujadiliwa katika mkutano wa umma, mtu wa misitu na mtu wa makumbusho wakiwa wameketi benchi moja mbele ya fundi.

Na mwenye nyumba ni nani hasa? Mirathi inaweza kuigawa nyumba moja kwa warithi ishirini, wengine wako Mombasa, wengine Dubai, wengine Toronto. Hakuna mmoja wao anayeweza kuamua peke yake, na wote wanaweza kukubaliana jambo moja jepesi: kuuza. Ndivyo nyumba nyingi za Amu na za kijiji jirani cha Shela zilivyopata wenyewe wapya kutoka Ulaya. Nyingi zimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa, kuta nyeupe, zidaka zimesafishwa, na sehemu kubwa ya mwaka milango yake imefungwa. Unguja hali ni nyingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi ya Mji Mkongwe yalichukuliwa na serikali na vyumba vikapewa wapangaji. Mengine ni wakfu. Mpangaji hana amri juu ya paa linalomvujia, na mwenye amri hana fedha za kutosha majumba yote. Ukiwauliza watu hawa kama wanakubali urithi ulindwe, umewauliza swali lisilo na kazi. Hakuna atakayesema hapana. Wao wanataka kujua nani atalipia chokaa, na nani atakuwa na mamlaka ya kumwita fundi siku dari inapoanza kushuka.

Na hasara haiji na ujenzi mpya tu. Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe halikubomolewa na mwekezaji. Jumba lile Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, likastahimili mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 iliyoyaharibu majengo jirani yake. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, likafungwa. Desemba 25, 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, mnara na sehemu ya mbele vikaporomoka, na wafanyakazi wawili wakafa. Nalitaja hapa kwa sababu tumezoea kuwaita watu kutoa maoni pale tu kitu kipya kinapotaka kujengwa. Hatuwaiti kuzungumzia kinachooza.

Hatua chache kutoka hapo, Shangani, lipo jumba la Mambo Msiige la katikati ya karne ya 19. Liligeuzwa kuwa sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015, na jengo jipya likasimamishwa kando yake ufukweni, upande ule ambao jioni watoto huogelea na vijana hucheza mpira. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza masikitiko yake kuhusu ujenzi huo, na kwa miaka kadhaa ikawa inaonya kwamba Mji Mkongwe, ulioandikishwa mwaka 2000, unaweza kuhamishiwa orodha ya urithi ulio hatarini. Unguja ilikuwa na chombo cha kusimamia mji tangu 1985, na mpango wa hifadhi wa 1994 ulioandaliwa pamoja na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Sheria ilikuwepo, ramani zilikuwepo, wataalamu walikuwepo. Onyo kubwa likatoka kwa kamati inayokutana mara moja kwa mwaka katika nchi za mbali, jengo likiwa tayari linapanda. Napata uchungu nikifikiri kwamba kauli ya mbali kiasi hicho ilisikika kuliko ya watu wanaopita Shangani kila siku kwenda sokoni.

Kisiwa hichohicho kimetoa mfano ninaoupenda kuliko yote, tena upande ambao hauna mlango wa nakshi hata wa kupigia picha. Ng'ambo ilikua ng'ambo ya kijito kilichoutenga Mji Mkongwe na mashamba. Kijito kikafukiwa, jina likabaki. Mstari wa Urithi wa Dunia ulipochorwa, sehemu kubwa ya Ng'ambo iliachwa nje. Walioishi huko walikuwa watumwa waliopata uhuru na vizazi vyao, wachukuzi, mafundi, wageni kutoka bara na Komoro, na nyumba zao zilikuwa za udongo na miti. Lakini huko ndiko mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikoimba. Huko ndiko iliko Raha Leo, ambako redio ilitangaza Mapinduzi. Huko ndiko Rais Karume alikosimamisha maghorofa marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.

Miaka ya 2010 idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikishirikiana na jiji la Amsterdam na wasanifu wa Uholanzi, ilianza kazi iliyopewa jina Ng'ambo Tuitakayo. Kabla ya kuchora barabara au kugawa viwanja, watu waliingia mitaani kuwauliza wakazi wanakutana wapi, wanacheza wapi, baraza ipi ina wazee wake, mti upi una kivuli chake, jengo gani likiondoka mtaa utakuwa umepoteza kitu. Majibu yakawekwa kwenye ramani. Ramani hiyo ikatangulia mpango, na baadaye ikatoka kitabu kizima cha ramani za Ng'ambo mwaka 2019. Sisemi kwamba kila kilichowekwa kwenye ramani kitasalimika; mji unakua kwa kasi na ardhi yake ina thamani kubwa. Ninachosema ni kwamba wale watu waliulizwa wakati jibu lao lingali na pa kuingia. Kiwanja cha mpira kikishawekwa kwenye ramani ya serikali kama mahali penye thamani, anayetaka kukijenga ndiye anayepaswa kujieleza. Kabla ya hapo, wacheza mpira ndio waliopaswa kujieleza.

Kilwa Kisiwani nako kuna funzo, ingawa ni la namna nyingine. Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yaliandikishwa mwaka 1981, yakaingizwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, yakatolewa 2014. Msikiti mkuu na ngome iitwayo Gereza havikuokolewa na wataalamu peke yao. Wanakijiji wanaolima na kuishi katikati ya magofu walipata sauti kupitia kamati zao, wakafundishwa kazi za kuta na chokaa, wakapanda mikoko ufukweni ambako bahari ilikuwa inaula ukingo chini ya ngome. Mtu aliyepanda mkoko kwa mkono wake haitwi mdau. Anajulikana kwa jina, na ana la kusema kila ukingo unapoliwa.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kudai mambo machache, sitadai mikutano mingi zaidi. Nitadai ripoti iandikwe kwa Kiswahili ambacho fundi atakisoma bila kuomba msaada, na nakala iwekwe ofisi ya sheha au ya chifu, msikitini, shuleni, mwezi mzima kabla ya hema kufungwa. Nitadai michoro ionyeshe jengo jipya litakavyoonekana ukiwa umesimama uchochoroni, si kutoka angani kama ndege. Nitadai orodha ya waliohudhuria itenganishwe na orodha ya waliokubali, na waliokataa waandikwe pamoja na sababu zao.

Na nitadai mkutano wa pili. Huo ndio unaokosekana karibu kila mahali. Maoni huchukuliwa, daftari hufungwa, gari huondoka, na wananchi husikia habari tena siku mabati ya uzio yanapopigwa. Mkutano wa pili hauna haja ya mgeni rasmi. Unahitaji mtu mmoja asimame asome: mlisema hili, tumelifanyia hivi, mlisema lile, tumeshindwa kwa sababu hii. Na yule mzee aliyezungumzia njia ya maji ya mvua aambiwe mbele ya wenzake kama mchoro umebadilishwa, na kama haukubadilishwa, mhandisi aliyeuchora ndiye amweleze ni kwa nini.